Jumapili za Gari la Kijivu

Mie wivu sikufundishwa na mtu. Nilizaliwa nao, na wala siuonei haya. Lakini ule wa gari la kijivu ulikuwa wa kunitoa roho, na leo nausema kama ulivyokuwa.

Tulikuwa tunakaa Temeke, nyumba ya vyumba vitatu na uwanja wa mchanga kwa nyuma. Mume wangu alikuwa fundi umeme wa magari kwenye karakana moja Kurasini, na Jumapili alitengeneza magari ya watu hapo nyumbani. Tulipoanza maisha hakuwa na msaidizi. Msaidizi nilikuwa mie. Nilimshikia taa ya kupimia, kibalbu chenye nyaya mbili, nikigusa pale anaponiambia gusa. Kikiwaka, umeme umefika. Kisipowaka, umekwama njiani. Yeye ameinama ndani ya boneti, ananipigia hadithi, tunacheka. Nyie, mapenzi yetu yalikulia kwenye harufu ya grisi! Kisha wakaja watoto, mie nikarudi jikoni.

Halafu akaja mwanamke yule. Alikuwa karani wa ofisi moja ya mjini, anakaa Kinondoni, mrefu, ana sauti ya taratibu kama anayebembeleza mtoto. Gari lake, hilo la kijivu, aliuziwa na mtaalamu wa kigeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Lilikuwa kuukuu, lakini lilikuwa na kiyoyozi, na kiyoyozi ndicho kilichomleta kwetu. Likikimbia Barabara ya Morogoro ubaridi unakuja vizuri; likisimama njia panda ya Ubungo, inatoka hewa ya moto. Ile feni ya mbele ya rejeta, inayopoza mabomba ya gesi, ilikuwa haizunguki. Na vioo vya milango vilikwama havishuki, spea hazipatikani popote, kwa hiyo bila ubaridi mle ndani ilikuwa tanuri.

Mume wangu akatengeneza. Baada ya wiki moja, likarudi. Akatengeneza tena, likarudi tena. Akaniambia waya umechoka. Mara nyingine akaniambia swichi inakwama. Mie nikajisemea moyoni, kinachokwama hapa nakijua.

Jumapili ya nne nilitoka na sinia ya chai, nikamkuta yule bibi ameinama ubavuni kwa mume wangu, ameshika taa ya kupimia. Taa yangu! "Gusa hapo, dada," mume wangu anamwambia, "hapo hapo, usitetemeke." Na anampigia hadithi. Ile ile ya nahodha aliyesahau funguo za meli, naijua mpaka mwisho wake, nimeicheka miaka sita.

"Mama, mwekee mgeni sukari," mume wangu akasema bila hata kugeuka.

Sukari! Nimeipangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri, nimekanyagwa vidole, leo nimwekee huyu? Nikasema imekwisha. Yule bibi akasema haidhuru dada, akainywa kavu, akashukuru. Na ile heshima yake nayo ikaniudhi. Mtu mwenye nia mbaya huwa mpole hivyo hivyo, ndivyo nilivyoamini.

Basi wakapima wee. Wakapima betri, wakapima swichi, wakaenda kwenye fyuzi, wakarudi tena kwenye betri. Nikawa nawatazama kwa dirisha la jiko, vitunguu vinaungua. Wakati ule magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kubana mafuta. Saa nane kasorobo mume wangu akafunga boneti akasema, "Dada, muda umekwisha. Liache lilale hapa, kesho utalichukua." Kisha akavaa shati safi. Shati safi! Akasema anamsindikiza mgeni kituo cha basi.

Kumsindikiza mgeni ni ada, sikatai. Lakini kutoka kwetu hadi kituoni ni hatua chache, na basi la Jumapili huja likitaka. Nilijua nina saa nzima, pengine mbili. Nikawapeleka watoto kwa jirani, nikajifunga kanga kiunoni, nikauchukua ufunguo msumarini. Nilikuwa nimeshakata shauri. Huyu mwanamke anailegeza mwenyewe ile feni ili apate sababu ya kuja, na leo nitapata ushahidi. Nitauweka mezani mbele yao wote wawili, nione atauficha wapi uso wake.

Nikafungua boneti. Nikaisukuma feni kwa kijiti, ikazunguka laini, haijakaza. Nikavuta nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka kwenye feni, ikavuma mpaka ncha ya kanga ikapepea. Feni nzima, basi. Nikawasha swichi ya kiyoyozi, nikagusa taa kwenye waya unaoleta umeme, ncha ya pili kwenye hasi ya betri. Ikawaka. Umeme unafika. Nikaacha ncha moja pale pale, ya pili nikaihamishia kwenye waya wa ardhi wa feni yenyewe, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Haikuwaka: umeme unafika, ila haurudi. Weee, nilipiga kigelegele peke yangu! Miaka yote ile jikoni, na mkono haujasahau.

Waya ule wa ardhi ulifungwa kwa nati nyuma ya wavu wa mbele. Na hapo ndipo nilipotaka kumnasa. Mume wangu ana tabia moja: kila kazi akiimaliza, anadondosha tone la rangi nyekundu juu ya kila skrubu, nusu kwenye skrubu, nusu kwenye bati. Mtu akifungua, rangi inapasuka, naye anajua kazi yake imechezewa. Nikainama kwenye wavu kutafuta rangi iliyopasuka.

Skrubu za wavu zilikuwa nne. Rangi ilikuwa nzima kwenye zote.

Nikazitazama tena, nikazikwaruza kwa ukucha. Nzima. Tangu mume wangu aufunge wiki iliyopita, hakuna aliyefungua pale. Na asubuhi yote ile, alipopima kila kitu, wavu ule hakuugusa.

Nikafungua mwenyewe. Nyuma yake waya wa ardhi umeshikwa na nati moja, imewekwa kwa vidole tu, juu ya rangi ya gari isiyokwanguliwa. Mtikisiko wa wiki moja unatosha kuiachisha. Na mume wangu mie namjua: hafungi waya bila kukwangua bati mpaka ling'ae, wala haachi nati bila kuikaza kwa spana na kuifungia nati ya pili. Hajawahi kusahau. Nikakaa chini mchangani, nikalia, tena kwa sauti.

Nilipomaliza kulia nikakwangua bati, nikakaza nati mbili, nikarudisha wavu. Rangi sikuweka.

Alirudi saa kumi na nusu. Nikamwekea ufunguo kiganjani nikamwambia, "Washa." Akawasha, feni ikavuma. Akaenda mbele, akaziona zile skrubu. Akapitisha kidole juu ya moja, haina rangi.

"Umeikuta wapi?" akauliza.

"Ulipoiacha wewe."

Hakukana. Akasema tu, "Yule hajui chochote." Nikamwambia anyamaze. Asubuhi akatoka kwenda kazini bila kunywa chai.

Yule bibi akaja peke yake, kabla ya saa za ofisi. Nikamkabidhi ufunguo, maneno makali nimeyapanga ulimini tayari. Akawasha, akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, na feni inazunguka gari likiwa limesimama. Akaanza kutokwa na machozi.

"Dada, mama yangu ana pumu," akasema. "Hospitali nampeleka na gari hili, na joto lile lingeniulia mtu. Jumapili nne namwacha kitandani peke yake nakuja kushinda hapa. Nilimwomba shemeji anipe ruhusa nijaribu fundi mwingine, akasema wengine wataniharibia." Akajifuta uso. "Ilikuwa nini hasa?"

Kumtaja mume wangu nilitaka, wallahi nilitaka. Nikasema, "Nati ililegea."

"Nati tu?"

"Nati tu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Una bahati, dada. Mume anayejua kazi, mpole, ana subira na watu. Nisikufiche, mie nakuonea wivu."

"Ahsante," nikamjibu, nikaenda kumfungulia geti.