Uji Mwekundu Nilioumwaga

Siku ile miguu yangu ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tumezunguka kumbi za maonyesho za Pazhou tangu asubuhi, mimi na mama mmoja mfanyabiashara wa Mwanza ambaye hupanga chumba kwangu kila anapokuja kununua mali. Kazi yangu hapa Guangzhou ndiyo hiyo: kuwaongoza wanunuzi kutoka nyumbani, kuwasemea bei, kuwapeleka Guangyuan Xilu kwenye nguo na Shiling kwenye mikoba, na kuhakikisha mizigo yao imefungwa vizuri. Ni kazi ya miguu, na miguu yangu ni ya mzee.

Tulipotoka kwenye treni ya chini ya ardhi tulimkuta mwanamke amekaa kando ya ngazi na vikapu viwili vya forosadi, nyeusi, zimeiva hadi zinatoa maji. "Laoban, laoban," akaniita, bosi, bosi, kama wanavyomwita kila mtu mwenye mfuko. Vidole vyake vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha. Sikuwa na haja ya matunda. Nikanunua kilo mbili.

"Mzee, zote hizo za nani?" mama wa Mwanza akauliza. "Meno yenyewe unayo?"

"Nataka kupika uji."

"Uji wa matunda? Leo hao wa Pazhou wamekuchosha hadi kichwa."

Nikabeba mfuko, nikatangulia. Kumjibu kungenilazimu kumweleza habari za mke wangu.

Mke wangu yuko Dar es Salaam. Tangu nihamie huku nimekuwa narudi kwa mwezi mmoja au miwili, kisha naondoka tena. Watoto wamekua, wameoa na kuolewa, mimi nikiwa huku. Mwanzoni mwa mwaka nilimwambia kwenye simu kwamba nimechoka, nataka kurudi moja kwa moja. Akasema, "Nitakujibu." Mpaka siku ya forosadi alikuwa hajanijibu. Tulisalimiana, akaniuliza presha, nikamuuliza magoti, basi. Nyumba ni yetu sote, ningeweza kufungua mlango nikaingia. Lakini sikutaka kuishi siku zangu zilizobaki na mtu anayenivumilia tu.

Zamani, kabla sijaja China, alikuwa mpishi katika nyumba ya familia moja ya Denmaki. Mama mwenye nyumba alimfundisha chakula chao cha kiangazi: matunda madogo mekundu huchemshwa na sukari, yakachujwa, maji yake yakafanywa mazito kwa wanga, yakaachwa yapoe, kisha yakaliwa na krimu juu. Kwa lugha yao jina lake ni uji mwekundu tu, nasi tukauita hivyo. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na mforosadi, basi forosadi zikashika nafasi ya matunda yao, ambayo kwetu hayaoti.

Ramadhani moja akaupika nyumbani kwetu, bakuli kubwa la kioo, akaliweka katikati ya futari. Nilikuwa nimealika rafiki zangu watatu. Uji ulitikisika na kung'aa. Rafiki mmoja akauliza kwa mzaha kama Wazungu hawagandishi vitu vyao kwa mifupa ya nguruwe. Mke wangu alikuwa mlangoni. "Ni wanga wa viazi, shemeji," akasema. Ningeweza kumwamini. Hakuwahi kunilisha kitu cha mashaka hata siku moja. Lakini wanaume walikuwa wananitazama, nami nikataka kuonekana mwenye msimamo. Nikanyanyuka na bakuli, nikaenda uani, nikaumwaga kwenye mfereji. Nikarudi nikaendelea na tambi.

Wakati wa daku nilikuta pakiti ya wanga juu ya meza, imewekwa mahali ambapo nisingekosa kuiona. Ilikuwa na picha ya kiazi. Nikaisogeza pembeni, nikanywa chai. Sikumwomba radhi, wala sikuwaambia wale rafiki. Hakuupika tena.

Sasa mimi ndiye niliyesimama jikoni, kiuno kinauma. Duka la chini ya ghorofa yetu lina mifuko ya unga mweupe ukuta mzima, na herufi zao ninazozijua ni za bei na za mlango wa choo. Nikachukua mmoja kwa kubahatisha. Kumbe ni wanga wa viazi vitamu, wa chengachenga, nami nikaumimina mkavu kwenye sufuria inayochemka. Mwiko ukasimama wenyewe.

Mama wa Mwanza akachungulia. "Hii ndiyo gundi wanayogandishia mikoba Shiling," akasema. "Mzee, mpigie aliyekufundisha."

"Hakunifundisha."

"Mpigie hivyo hivyo."

Huku ilikuwa jioni, kwake Dar saa nane mchana. Akapokea kwa video. Nilitaka kumsalimu kwanza, lakini simu nilikuwa nimeielekeza kwenye sufuria.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Forosadi."

"Forosadi naziona. Nauliza hiyo ndiyo nini."

"Nilikuwa najaribu uji mwekundu."

Nikasikia mtu anafagia uani kwake.

"Uji unaujua wewe?" akasema. "Wewe si unaujua mfereji."

Mama wa Mwanza akajifanya anatafuta kitu kabatini.

"Kweli," nikasema. "Sikuuonja."

"Mwaga hiyo. Kumwaga unaweza. Forosadi zimebaki?"

"Nusu."

"Na huyo nani?"

Mama wa Mwanza akaingiza uso kwenye simu. "Shikamoo mama. Mimi mpangaji tu, na nimeshapewa gundi."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie, kamletee wanga wa kiazi mviringo. Huyo mwache apike, maana akitumwa tena ataleta chokaa."

Alipoondoka tukabaki wawili. Nikaweka forosadi motoni pamoja na maji na sukari.

"Ile pakiti," nikasema. "Wakati wa daku niliiona."

"Najua uliiona."

"Nilijua nimekosea tangu pale. Nisamehe."

"Hilo nalo nalijua. Koroga, zinashika chini."

Nikakoroga. Wanga ulipofika aliniambia niukoroge kwenye maji baridi kwanza. Nikachuja forosadi, nikarudisha maji yake motoni hadi yakachemka, nikaepua, kisha nikamimina wanga kidogo kidogo huku nakoroga. "Usiurudishe ukachemka tena, utavutika." Nikaumimina kwenye bakuli. Akasema ninyunyize sukari juu, usiote ngozi. Halafu akakata simu, bila kwaheri, na mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama bakuli kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mama wa Mwanza alipouliza nasubiri nini, nikamweleza yote: kurudi nyumbani, na jibu ambalo sijalipata.

Alipiga tena baada ya kuswali alasiri ya kwao, huku usiku umeshaingia. Kwa kawaida mimi ndiye hupiga.

"Inamisha bakuli nione."

Nikainamisha. Ukasogea taratibu, wote kwa pamoja.

"Mwepesi kidogo," akasema. "Haya, ule."

Mama wa Mwanza alikuwa amenunua krimu kwenye duka la keki. Nikala huku mke wangu ananitazama. Ulikuwa mchachu, kisha mtamu, baridi hadi kwenye fizi. Nikamwambia ni mzuri, na kwamba miaka yote hii sikujua nilimwaga nini.

"Wale rafiki zako wapo?" akauliza.

"Mmoja ameshafariki."

"Wapo wawili, basi. Ramadhani ijayo utawaita. Utaupika wewe, uuweke pale pale, na utawaambia ni wanga, na kwamba ulijua. Mimi nitakuwa nimekaa nanyi, si mlangoni."

Nilifikiria nyuso za wazee wale wawili, na aibu ikanipanda shingoni kana kwamba bado tuko kwenye mkeka ule. Ningekuwa kijana ningesema tutaona.

"Nitawaambia," nikasema.

"Wanga wa viazi hapa ni wa kutafuta. Uje nao. Usimpe mtu wa kontena, ubebe mwenyewe."

Akakata. Mama wa Mwanza alikuwa anakwangua chini ya bakuli lake.

"Amekujibu?" akauliza.

"Amenijibu."

"Mbona huchangamki?"

Nikamwambia nimechoka, na ni kweli. Kisha nikasimama, nikaanza kuisugua ile sufuria ya kwanza, ambayo gundi yake ilikuwa imeshakauka.