Kiti Kitupu cha Mabanga

Ukumbi wa mafunzo ya wakulima pale Mabanga, Bungoma, ulinuka samadi na chai ya maziwa iliyoungua kidogo. Ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi. Nilimleta mdogo wangu Nekesa kutoka Kitale kwa sababu mwalimu wake alipeleka insha yake kuhusu marehemu mama kwa chama cha waandishi, nao wakamwalika aisome. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimeshaacha shule ili niwalee wadogo zangu kule Kipsongo, mtaa wetu wa mabanda Kitale, na watu wa vyama namna hii nilikuwa nawajua. Waliwahi kuja mtaani wakawapiga watoto wa jirani picha, kisha wakarudi wakawagawa katika makao ya mayatima, kila mmoja mji wake.

Mwenyekiti wa tawi alitueleza kwamba chama kilianzia Ulaya baada ya vita kuu, waandishi wakialikana chakula, kisha nchi moja baada ya nyingine ikaanzisha tawi lake. Nilijiuliza watu wanaokula pamoja Ulaya wanatafuta nini Bungoma. Tena mbele kulikuwa na kiti kitupu, na ukumbi umejaa hadi wengine wamesimama. Nikajua ni cha afisa wa watoto, yuko njiani kuja kututenganisha.

"Mzee, hicho kiti ni cha nani?" nikamuuliza mwenyekiti.

"Cha mwenzetu, binti. Huwa tunamwekea kiti mwandishi aliyefungwa."

"Aliiba?"

"Aliandika."

Nikamshika Nekesa mkono. "Twende."

"Si ungoje kwanza nisome," akanong'ona. "Ati umenileta mpaka huku nione kiti?"

Nilimwacha asome, lakini nilisimama nyuma yake nimeshika sweta yake mpaka sentensi ya mwisho. Walipotaka kuichapa insha, nilikataa jina letu litajwe. Mwenyekiti akasema chama kipo ili watu waandike bila hofu.

"Hofu ni yangu, mzee, si ya chama," nikamjibu. Insha ikatoka bila jina.

Siku hizi Nekesa ni mwanachama wa tawi hilohilo. Anaandika magazetini kuhusu mashamba yanayonyakuliwa, na jina lake liko juu, lote. Wadogo zangu wote walikulia chini ya paa moja; hilo nililiweza. Hili la jina limenishinda. Kila jioni nampigia simu na kumuuliza amekula nini, naye hunitajia sukuma, ugali, mayai, akidhani najali chakula. Mimi nasikiliza kama kuna sauti nyingine chumbani mwake.