Nimekwaruza Rangi Mpya ya Gari la Baba

Leo asubuhi nimekwaruza rangi mpya ya gari la marehemu Baba kwa kisu cha jikoni, na sijutii.

Gari lenyewe ni la miaka ya hamsini. Limenizidi umri.

Juzi ndugu yangu Ouma alilipeleka Kondele likapakwa rangi, maana leo lilikuwa limbebe binti yangu Achieng' kwenda harusini Maseno.

Lilirudi linang'aa kama sahani.

Lakini honi haikulia, na taa za mbele hazikuwaka.

Fundi tuliyemwita akasema ni uzee, waya zote zibadilishwe. Ouma akaanza kumpigia rafiki yake simu alete gari la kisasa.

Nikawauliza, mbona kabla ya rangi vyote vilifanya kazi?



Baba alinifundisha kwamba umeme wa gari hurudi kwenye betri kupitia bodi. Honi na taa hizo zina waya moja ya kurudishia, imefungwa kwa bolti kando ya rejeta.

Nikaifungua. Chini yake kulikuwa na rangi nzito, safi kabisa, na rangi haipitishi umeme.

Nikachukua kisu.

"Yawa, Mama Achieng', hiyo rangi," Ouma akashika kichwa.

Nikakwaruza mpaka chuma. Nilikuwa na hasira, nikapitiliza kidogo. Nikakaza bolti, nikabonyeza honi, kuku wa jirani wakatawanyika.

Tumefika Maseno tukipiga honi njia nzima. Ouma bado amenuna, eti nimeacha alama.

Mnaomhurumia, semeni hapa chini.

Alama inabaki. Atakayeipaka rangi, ajue kisu bado kiko jikoni.