Siku Mama Alipoingia Ziwani

Mwaka jana nilirudi kisiwani. Jina lake silitaji, utanisamehe. Wanaolijua wanalijua, na kisiwa kile hakijawahi kulalamika kwamba kimekosa wageni. Ukitoka Ujiji asubuhi kwa mtumbwi wa mashine, ukashika kusini huku milima ikiwa mkono wako wa kushoto, unakifikia adhuhuri. Mawe makubwa, msitu uliokaa juu yake kama kofia, na ndege weusi wanaokausha mabawa yao juani. Hakuna nyumba wala njia. Nilikuta ziwa limepanda. Ufukwe mdogo wa mchanga tuliolala utotoni sasa uko chini ya maji, na pale tulipotandika mikeka niliona samaki wakila ukoga wa mawe bila wasiwasi wowote. Nikakaa, nikacheka peke yangu, nikamkumbuka mama.

Mama yangu alikuwa nesi. Alipangiwa kazi Ujiji akitokea Dodoma, akaja na mimi, mtoto wake wa pekee, nikiwa na miaka tisa. Kule kwetu maji hubebwa kichwani. Maji yakimzidi mtu kimo, mama hakuyahesabu kuwa maji; aliyahesabu kuwa msiba unaosubiri siku yake. Tulipanga nyumba mitaa miwili tu kutoka ziwani. Usiku tuliyasikia mawimbi, naye alifunga dirisha la upande ule hata siku za joto. Mimi nilipigwa marufuku kufika ufukweni. Wenzangu wakitoka shule walikimbilia kuoga, mimi narudi nyumbani na vumbi langu, nakoga kwa kopo.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Ujiji hasa, mrefu, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo. Alianika dagaa, na harufu ya dagaa wake ndiyo iliyotuamsha kila siku. Ijumaa nyumba yake ilinukia ubani, na Jumapili tukitoka kanisani tulikuta ametuachia bakuli la samaki mlangoni: migebuka iliyoungwa kwa mawese, mekundu, mazito, ya kulamba vidole. Kiswahili chake kilikuwa na Kiha ndani yake. "Mwidiwe, Nesi!" alimsalimu mama kila jioni, na mama akajifunza kuitikia, ingawa kwa aibu. Lakini urafiki wao uliishia kwenye ua. Mama alikuwa tayari ameandika barua ya kuomba uhamisho. Niliiona ndani ya mkoba wake, imekunjwa mara tatu, ikingoja Jumatatu.

Ijumaa ya wiki hiyo jirani alikuja, akasimama mlangoni, hakukaa. Mbalamwezi ilikuwa imewadia. Watu wa Kigoma wanaelewa: mwezi ukiwaka, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Mume wake alikuwa na mtumbwi uliokaa bure.

"Kesho tunaenda kisiwani, tunalala siku moja," alisema. "Wewe na mtoto mnakuja."

"Dada, mimi na ziwa hatuelewani."

"Hamjasalimiana bado, mtaelewana vipi?"

Sijui kwa nini mama alikubali. Labda alijua anaondoka, akaona haya kumkatalia mtu aliyetulisha mwaka mzima. Njia nzima alikaa katikati ya mtumbwi, mkono mmoja umeshika ubao, mwingine umeshika gauni langu, macho ameyafumba. Mimi niliyafumbua kwa niaba yetu wawili.

Na wewe uliyezoea maji ya rangi ya chai, nikueleze: maji ya kisiwani ni kioo. Tulipokaribia niliona mawe chini kabisa, na juu ya mawe samaki wadogo wa kila namna, wa bluu, wa manjano, wenye mistari kama soksi za shule. Jirani aliteremka na mzigo wa kuni kichwani. Nikamuuliza mbona tumebeba kuni na msitu wote ule upo. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto, na kweli nilikuwa mtoto. "Huendi kwa mtu ukamvunjia kitanda ili uote moto," alisema. Samaki wa kwenye mawe nao hawaguswi, ni wenyeji. Wa kula atafuatwa mbali, kwenye kina. Mume wake akageuza mtumbwi, akaenda kutafuta kitoweo cha jioni.

Tulikula ugali wa muhogo kwa maharage. Mama akajilaza kivulini, jirani akaenda kuswali. Hapo nikamwona fisi maji. Alitoa kichwa, masharubu yanametameta, akanitazama, akazama, akaibukia mbele kidogo. Nikamfuata. Palikuwa na mwamba ulionyooka chini ya maji kama baraza, maji yananifika magotini. Nikatembea juu yake hadi kwenye jiwe kubwa lililosimama peke yake, nikapanda. Fisi maji alikuwa upande wa pili anatafuna samaki, kr-kr-kr, kama mzee anayekula karanga. Nilimtazama kwa raha mpaka nikajisahau.

Upepo uligeuka. Wavuvi wetu wanauita Lukuga, unatoka kusini, hauombi ruhusa. Nilipotazama nyuma, ule mwamba niliopitia ulikuwa haupo. Mawimbi yalipanda juu yake meupe, yakapiga jiwe langu, yakanilowesha hadi kiunoni. Ufukwe ulikuwa karibu, ningeweza kuhesabu hatua zake, lakini hatua za wapi? Nikapiga ukelele.

Mama alitokea mbio kutoka kivulini. Alifika ukingoni, akasimama. Nakumbuka ule msimamo wake: mikono ameikunja kifuani, mdomo wazi, kama mtu aliyefika mlango wa nyumba ya adui yake. Kisha akavua kandambili. Akazipanga vizuri, moja kando ya nyingine. Halafu akaingia.

Maji yalimfika kiunoni, kifuani, shingoni, nami sikuona kingine ila yeye. Wimbi lilimfunika, nikaona kitenge tu kinaelea, nikaacha kupiga kelele kwa sababu pumzi iliniisha. Akaibuka anakohoa. Akapapasa mwamba kwa miguu, akaupata, akaja. Akalifikia jiwe. Aligeuka akanipa mgongo, nikapanda kama mtoto mchanga, nikamkaba shingo hadi leo sijui alipumuaje. Tulivyorudi sikumbuki. Nakumbuka mchanga, na kofi moja la nguvu shavuni, na baada ya kofi kunikumbatia kulikokuwa kukali kuliko kofi.

Jirani alichemsha chai ya tangawizi. Alikuwa amelowa yeye pia, kila kitu kilikuwa kimelowa. Mama alitetemeka mpaka kikombe kikagonga meno. Kisha akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, jirani naye akacheka, na mume wake aliporudi na migebuka yake alitukuta hivyo, akatikisa kichwa, akaanza kupara samaki.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Mama alinywa chai yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Dada, nifundishe."

"Ego," jirani alijibu, yaani ndiyo, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Walisimama kwenye maji ya kifuani. Jirani alimwekea viganja viwili chini ya mgongo. "Usishindane nayo. Yape uzito wako wote, Nesi. Yanaweza." Nilimwona mama yangu, mwanamke aliyefunga dirisha, akilala juu ya Tanganyika uso ukitazama mbingu, masikio ndani ya maji. Baadaye jirani akamwambia ageuke afumbue macho. Alizama, akakaa kidogo, akaibuka kama aliyepigiwa tarumbeta.

"Mungu wangu! Kumbe huku chini kuna mtaa!"

Alikuwa amemwona samaki mmoja akiwameza watoto wake. Alishtuka, kumbe mama samaki anawaficha tu mdomoni hatari ikipita, kisha anawatema salama. Alituhadithia jambo hilo njia nzima ya kurudi, macho wazi, ameketi mbele kabisa ya mtumbwi.

Ile barua haikupelekwa. Tulikaa Ujiji miaka iliyobaki ya kazi yake, na Jumamosi asubuhi watu walizoea kumwona nesi wa Dodoma akiogelea na kanga yake, taratibu, kama bata mwenye shughuli zake. Alipofariki, ndugu zetu walitaka kumsafirisha. Nilikataa. Amezikwa huku.

Jirani nilimtembelea mara ya mwisho akiwa mzee sana, haoni vizuri, dagaa ameshaacha kuanika. Nilimpa shikamoo, nikamshukuru kwa siku ile, nikamwambia jinsi mama alivyoniokoa peke yake. Akanigeuzia uso. Kisha akasema, "Peke yake? Mwanangu, nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Kitenge chake nilikuwa nakigusa kwa vidole. Mimi nimezaliwa majini, ningefika kwako kabla yake."

"Mbona hukufika?"

"Aliyeingia ni yeye. Nimnyang'anye kwa nini?"

Na hakumwambia kamwe, miaka yote ile ya kukaa ua kwa ua. Mama amekwenda zake akiamini alikuwa peke yake, na imani ile ilimtosha maisha mazima. Siku hizi ukisaidia mtu unampiga picha kwanza. Samaki wa kisiwani bado wapo, niliwaona mwenyewe, na mawe yapo, na Lukuga ataendelea kuja bila hodi. Ninayemtafuta mimi ni mtu wa kutembea nyuma yangu hatua mbili, mkono umenyooshwa, asiseme neno.