Kivimbe Kilichotokea Akilia

Mwanangu wa kwanza sikumzaa mimi. Alizaliwa na mdogo wangu kule Bukene, na kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu. Aliniita mama mkubwa kabla hajajua kuomba maji.

Alikuwa na miaka miwili mdogo wangu alipomleta kwangu, mtaa wa Cheyo. Kila mtoto alipolia, kivimbe laini kilimtokea shingoni, juu kidogo ya mfupa wa kifua. Akinyamaza, kinazama. Mama mkwe wa mdogo wangu alitaka apelekwe kwa bibi mmoja akatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, maana kwa wazee wale kila ugonjwa wa shingo ulikuwa kimeo. Mimi nilikuwa muuguzi. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, tumeambiwa tuupige vita ujinga, na mimi niliupiga kwa mdomo mchana kutwa. Nikamcheka yule mama mkwe mpaka mdogo wangu akaona aibu. "Huyu haendi kwa mtu wa wembe," nikasema. "Anakwenda kwa daktari."

Nilimpeleka katika hospitali nilimokuwa nikifanya kazi. Jina lake naliacha. Siku hizi daktari angempaka mtoto mafuta shingoni, akapitisha kidude cha ultrasaundi, akaona kilichomo ndani. Sisi tulikuwa na vidole tu. Daktari akapapasa, akakunja uso, akasema huenda ni uvimbe mbaya, utolewe haraka. Fomu ilitaka sahihi ya mzazi. Baba mtu alikuwa porini akikata miti ya kujengea kijiji kipya, na mdogo wangu aliitazama tu kalamu bila kuigusa.

"Dada, tusimsubiri baba yake?"

Nikachukua kalamu. Penye neno mama nikaandika jina langu. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuona kwamba nimedanganya.

Jeraha la upasuaji likaingia usaha. Siku ya tatu alinifia mikononi, mwili ukichemka kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Kile walichokikata kilikuwa kimetumwa Dar es Salaam kwa treni, ndani ya chupa, kikapimwe. Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa, na niliyafungua mimi. Ilikuwa tezi ya thaimasi, ambayo kila mtoto anayo kifuani. Yake ilikaa juu kidogo tu, na angekua ingesinyaa yenyewe. Haikuwa na ugonjwa wowote. Niliikunja ile karatasi nikaitia kwenye moto wa jiko.

Mdogo wangu nikamwambia ulikuwa uvimbe mbaya kweli, asingepona kwa vyovyote. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Nami nikasimama pale napokea shukrani, mwoga kuliko yeyote niliyewahi kumcheka.

Baada ya miaka miwili hivi alishuka tena kutoka Bukene, na binti mchanga mgongoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. Alimfungua mtoto, akamfinya paja ili alie, na kivimbe kikajitokeza palepale.

"Nimemleta mapema," akasema. "Mwenzake tulimchelewesha. Huyu mkateni leo leo, dada, kabla hakijakomaa. Baba yake ameshakubali."

Nikamwambia. Nilimweleza yote nimeshika ukuta, karatasi, moto, na uongo wangu, huku mtoto akilia na kile kivimbe kikipanda na kushuka.

Alimnyonyesha mpaka akanyamaza. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo yule alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima."

Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Treni ya kurudi Bukene ilikuwa mpaka kesho yake. Aliisubiri stesheni, sakafuni, na chakula nilichompelekea hakukigusa.