Kidole cha Mwisho cha Fundi Picha

Mtaa mzima ulimwita Fundi Picha, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na akili zake wenyewe. Wa kulia ukianza tu kuvuta picha kwa kipanya, kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa kimeshatua juu ya Shifti, kitufe kilicholinda umbo la picha inapokuzwa. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofumba macho akipiga chafya.

Asubuhi hiyo alikuwa akitengeneza bango la shangazi yake, muuguzi mkuu aliyekuwa anastaafu. Jioni lilipaswa kutundikwa ukumbini. Shangazi ndiye aliyemlea, ndiye aliyemwachia chumba cha mbele kiwe studio. Kumharibia siku yake lisingekuwa jambo dogo.

Alivuta picha, shangazi akawa mrefu kama nguzo ya umeme. Akabonyeza Kontroli na Z kurudisha nyuma, akavuta tena. Safari hii shangazi akatandazika kama godoro.

"Kibodi imeingia wazimu," alimwambia mumewe, aliyekuwa akikata mbao za fremu mlangoni.

"Juzi mwenye wazimu nilikuwa mimi. Afadhali tunapokezana."

Akaipindua kibodi, akaigonga mgongoni. Zikadondoka chembe za biskuti na hereni iliyokuwa imetafutwa nyumba nzima. Akazima kompyuta, akaiwasha. Wapi. Akaazima kibodi ya jirani anayechapa barua. Godoro lilelile.

Simu ikaita. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiendelea na kipanya.

"Niko njiani," alisema shangazi. "Nataka nijione kabla watu hawajaniona."

"Karibu, shangazi," alijibu, kisha macho yakamtoka. Picha ilikuwa imekua bila kasoro.

Akaweka simu mezani, akavuta: nguzo. Akaishika simu, akavuta: shangazi. Hapo ndipo alipokumbuka toleo jipya la programu aliloliweka Jumatatu. Walioitengeneza walikuwa wamegeuza mambo: sasa umbo linajilinda lenyewe, na Shifti ndiyo inayoliachia. Kulijua hilo hakukumsaidia sana, maana kidole hakikuwa na habari. Akikisahau tu, kinashuka.

Shangazi alipofika na kuelezwa, alivuta kiti.

"Lete hicho kidole." Akakibana kama anayetafuta mapigo ya moyo. "Haya, vuta."

Shangazi akajaa kwenye kioo cha kompyuta, amenyooka, kila kitu mahali pake. Mwenyewe alijitazama kuanzia mashavuni hadi kiunoni.

"Ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo, shangazi."

"Nimenawiri," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya maabara. Akachungulia mlangoni, mkata fremu alikuwa ameinamia msumeno wake. Akashusha sauti. "Mwanangu, nikikiachia kidogo tu hiki kidole, utavuta kwa juu au kwa pembeni?"

"Kwa juu."

Akakiachia.