Matumbo Yasiyo na Jiko

Fundi cherehani wa uchochoro ule walimwita Chapuchapu, maana hata akinyonyesha, mguu wake ulikuwa juu ya pedali. Mafuriko yalipokata barabara na maduka yakafungwa, majirani wakamchagua yeye aandike orodha ya unga wa msaada. Akazunguka, mtoto mgongoni, akahesabu kama walivyohesabu siku zote: jiko moja, familia moja, mfuko mmoja. Akapata majiko arobaini na moja.

Gari la unga lilifika saa nne asubuhi. Chapuchapu akawa anasoma majina, lakini macho hayatulii. Mara akamwona mfua nguo wa chumba cha nyuma, kasimama kando na wanawe watatu, mikono mitupu.

"Mbona hupangi foleni, shoga?"

"Hukuniandika. Jiko niliuza wiki ya kwanza, tununue chakula."

Yaani aliyeishiwa kuliko wote ndiye aliyemruka! Akamkimbilia karani wa gari.

"Kaka, niongezee mmoja."

"Mifuko ni arobaini na moja, mama. Unadhani naitaga?"

"Basi futa jina la kwanza, andika lake."

La kwanza lilikuwa la Chapuchapu mwenyewe. Mama mkwe wake, aliyeshika ndoo yao kwenye foleni, akaruka kama kakanyaga kaa la moto.

"We mwanamke! Mtoto atanyonya upepo?"

"Mama, kosa langu. Nilihesabu majiko, sikuhesabu matumbo."

Bibi akawatazama wale watoto watatu. Akasonya.

"Usifute kitu. Na wewe, mfua nguo, lete sufuria, kama nayo hukuiuza. Mtakula kwetu. Uji mwepesi haujaua mtu."

Karani akakohoa. "Ijumaa tunarudi. Safari hiyo nileteeni orodha iliyonyooka."

Mfuko mmoja, midomo sita, na wa saba bado ananyonya. Hautafika Ijumaa, na Chapuchapu alijua. Uji ulikuwa haujachemka alipotoka tena na penseli, akabisha kila mlango alioupita mara ya kwanza kwa sababu haukuwa na moshi. Safari hii hakuuliza jiko.

"Jana mlikula nini?"

Mlango wa tatu alifungua fundi viatu mzee.

"Jana ipi, mwanangu?"

Akaandika jina lake, akakimbilia mlango wa nne.